Damu Zisizosikizana

Mwaka ule mahindi ya Bokoli yalirefuka hadi yakaziba dirisha la chumba nilimolala. Daktari alikuwa ameniagiza nipumzike, nami si mtu wa kupumzika. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, nimezoea kusimama na kupaza sauti. Lakini mimba ilikuwa imefika miezi ile ambayo mwili hauombi tena ruhusa. Basi nililala mchana kutwa kwa mama mkwe wangu, nikitazama majani yakipapasa kioo, nikasinzia, nikaamka, nikasinzia tena. Mwanga uliopita katikati ya mahindi ulikuwa wa kijani, na chumba kizima kilionekana kama kimezama majini.

Katika usingizi ule wa mchana niliota herufi moja tu, Y. Niliiona kwenye mapanda ya mipera, niliiona kwenye boriti za dari, niliiona kwenye barabara pale inapogawanyika, moja ikienda Kitale na nyingine Bungoma. Nilikuwa nimeichora Y hiyo ubaoni miaka na miaka bila kuiota hata siku moja. Ndiyo sura ya kingamwili. Wanafunzi wangu wa Kitale, kila nilipoichora, walicheka: "Mwalimu, si hiyo ni feya!" Nami niliwajibu kwamba ndiyo, ni feya, ila hii ni manati isiyorusha mawe, na atakayeleta feya darasani atakiona cha mtema kuni.

Kisha nilianza somo. Shina moja, matawi mawili. Minyororo minne ya protini imefungwa pamoja: miwili mirefu inayoanzia chini kwenye shina ikapanda hadi matawini, na miwili mifupi iliyojibanza kando ya matawi tu. Ncha za matawi ndizo zinazotofautiana. Kila kingamwili ina ncha zilizofinyangwa kushika kitu kimoja, na chochote kingine kikipita mbele yake haina habari nacho. Shina, kwa upande wake, halibadilikibadiliki. Ncha hushika mgeni, shina huwaita walaji wa mwilini waje wammeze. Kingamwili yenyewe haimezi mtu, inashika na kupiga kelele mpaka wengine waje. Hapo darasa lilinitazama kwa namna fulani, nikajua wanafikiri kwamba hata mwalimu wao ni hivyo hivyo.

Sasa Y zangu mwenyewe zilikuwa zinamtafuta mtoto wangu.

Nieleze. Juu ya chembe nyekundu za damu za watu wengi kuna alama ndogo ambayo madaktari huiita D. Mimi sina alama hiyo; damu yangu ni hasi. Mume wangu anayo. Mimba yangu ya kwanza ilitoka mapema, kimya kimya, na baada ya wiki chache nikarudi darasani. Iko sindano ambayo mwanamke kama mimi huchomwa wakati kama ule ili mwili usijifunze kuichukia D. Sikuchomwa, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba mimi ni mwanamke kama mimi. Mwili wangu ukaonja matone machache ya damu ya yule asiyezaliwa, ukaikariri ile alama, ukatulia. Mimba ya pili ilipoingia, damu ilipimwa Kitale, na kingamwili zikaonekana zimo, zinangoja.

Siku ya kupewa majibu tulikuwa watatu mbele ya daktari: mimi, mume wangu ambaye ni afisa wa kilimo huko Tongaren, na mama yake, aliyekuwa amekuja kututembelea na hakutaka kuachwa nyumbani. Daktari alikuwa kijana, na foleni nje ilikuwa ndefu. Alitazama karatasi, akamtazama mama mkwe, akachagua maneno ambayo aliamini mama wa shambani atayaelewa.

"Shida ni moja, mama. Damu ya huyu na ya mzee wake haziskizani. Lakini msijali, tutakuwa tunaangalia."

Mama mkwe alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa akilishuku kitambo.

Sikulifikiria neno lile. Niliomba likizo shuleni, na kwa kuwa mume wangu alikuwa akishinda mashambani Tongaren wiki nzima, tukakubaliana nihamie Bokoli kwa mama yake, karibu na hospitali moja ya Bungoma iliyokuwa na daktari wa watoto wachanga. Mama mkwe nilimwita Mayi, ndivyo wanavyoita mama kwao. Yeye aliniita mwarimu. Mwanzoni, nilipokuwa bibi harusi, aliniwekea sahani mbele akaniambia, "Kura, mwarimu, kura sana," nami nikadhani ni siasa. Lakini siwezi kuwacheka watu wa Bungoma. Wazazi wangu walihamia Kitale kutoka Mlima Kenya, na kwetu pia tunapika "mchere" na tunanunua "rori". Mimi na Mayi tulipoongea, r na l zilipishana katikati yetu na kila moja ikafika ilikotumwa.

Basi, Jumamosi moja nikiwa katika usingizi wangu wa kijani, nilisikia sauti nyingi sebuleni. Nikavaa leso, nikatoka. Walikuwa wamejaa. Akina mama wa kanisa wakiwa na vitambaa vyao vya kichwa, mjomba wa mume wangu akiwa na fimbo na koti zito lisilofaa jua lile, na mume wangu mwenyewe, ameitwa kutoka Tongaren kwa simu, amekaa pembeni ya kochi kama mwanafunzi aliyeletwa ofisini. Jikoni kuku alikuwa ameshachinjwa.

"Mwanangu, keti," mjomba akaniambia kwa upole. "Hakuna nyumba haina maneno. Hebu mtuambie, mmekosania nini?"

Nikamtazama mume wangu, naye akanitazama. Hatukuwa tumekosana hata juu ya chumvi.

"Si mseme tu," mama mmoja akasisitiza. "Ata mimi na wangu tuliwahi kaa mwaka mzima hatuskizani. Tuliombewa, ikaisha."

Ndipo nilipoona. Nikamgeukia Mayi, naye alikuwa akikunja na kukunjua pindo la kitambaa chake.

"Daktari mwenyewe arisema," akajitetea. "Ati damu yenu haziskizani. Mtoto hawezi kaa vizuri ndani kama nje watu haziskizani. Nikasema, rakini hawa watoto wananificha."

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Mume wangu alicheka akaficha uso. Wageni hawakucheka, walikuwa wamefunga safari na walitaka ugomvi wa kusuluhisha. Nilikasirika kidogo pia, nakiri, kwa sababu nilikuwa na nywele timutimu na magaga miguuni mbele ya kanisa zima. Lakini nilipoona macho ya Mayi hasira ikaniisha. Alikuwa ameogopa kweli. Alikuwa ameogopa kuliko mimi.

Kwa hiyo nikafundisha. Mume wangu alinikatia panda ya mpera na matawi yake mawili, nami nikaishika juu mbele ya akina mama wa kanisa. Nikawaambia kwamba damu ya mama na ya mtoto hazikai chungu kimoja, kondo la nyuma huzitenganisha. Lakini kondo lina mlango, na mlangoni kuna mlinzi. Mlinzi huyu anavusha kingamwili za mama ziende kwa mtoto, ili mtoto azaliwe tayari ana kinga ya surua, ya pepopunda, ya yote ambayo mama ameshapigana nayo. Ni zawadi. Ila mlinzi hushika shina tu. Nikawaonyesha, nikafumba mkono kwenye shina la panda. Haangalii ncha. Hajui kama ncha hizi zimeumbwa kushika surua au kumshika mtoto mwenyewe. Kila yenye shina lile anaivusha, na anaivusha kwa upendo uleule.

Mjomba akauliza kama dawa ipo. Nikasema ipo, na madaktari wanaangalia, na mtoto akizaliwa na manjano nyingi, ile rangi ya damu iliyovunjika, atawekwa chini ya taa maalumu, na ikizidi atabadilishwa damu. Akina mama waliomba sala ndefu, wakala kuku, wakaenda zao wakiwa wameridhika nusu.

Mayi alibaki ameketi na ile panda mapajani.

"Na mtoto wa kwanza?" akauliza. "Hiyo kitu haimgusi?"

"Mara nyingi wa kwanza anapita salama, Mayi. Damu huchanganyika zaidi siku ya kuzaa, na saa hiyo yeye ameshatoka. Na hata zile kingamwili za mwanzo huwa zimeungana tano tano, kubwa, hazipiti mlangoni. Wanaomfuata ndio wanaopata taabu. Mimi wa kwanza hakukaa, lakini mwili ulishajifunza kwake."

"Wa kwanza anapita," akasema. "Wanaomfuata ndio."

Akainuka kwenda kuanua mahindi ya msimu uliopita yaliyoanikwa uani, ingawa wingu lilikuwa bado mbali kule upande wa mlima.

Wiki zilizofuata sizikumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka mvua ya alasiri na harufu ya udongo. Nakumbuka daktari wa Bungoma akipitisha kifaa chake baridi tumboni na kusema damu ya mtoto bado ina nguvu. Nakumbuka ndoto ambamo nilikuwa mlangoni mimi mwenyewe, nimeshika taa, na Y zinapita moja moja, zikiniamkia kwa heshima, "Shikamoo mwalimu," nami naitikia marahaba na kuzifungulia. Niliamka nikilia. Niliuchukia mwili wangu. Nataka niseme hivyo wazi, kwa sababu wanawake huwa wanasema waliogopa, na kweli niliogopa, lakini zaidi nilikuwa na hasira. Mtoto alikuwa akicheza ubavuni mwangu kwa furaha, akigeuka, akipiga teke, na wakati uleule mimi nilikuwa nikimtumia watu wa kumla. Sikuwa na namna ya kuwakataza. Hakuna mtu anayeweza kuiambia damu yake iache.

Mayi aliniletea uji na hakuuliza kwa nini macho yamevimba. Aliketi kitandani, akanikanda miguu. Nilidhani ni utulivu wa uzee.

Daktari hakungoja mtoto atimize miezi. Alinifanyia upasuaji asubuhi moja, na akatoka mvulana mdogo mwenye sauti kubwa. Kwa muda mfupi tulifurahi. Kufikia kesho yake weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka manjano, kisha uso, kisha kifua, rangi ikimshukia taratibu kama jua la jioni linavyoshuka ukutani. Alilazwa chini ya taa ya buluu, amefungwa macho kwa kitambaa, uchi, mdogo, akielea katika mwanga ule kama mtu aliye mahali pengine kabisa. Niliketi nje ya kioo nikiwa nimeshika mshono wangu. Kila kitu mle ndani kilikuwa buluu, na yeye peke yake alikuwa na rangi yake.

Daktari alikuja akasema taa haitoshi. Inabidi damu ya mtoto itolewe kidogo kidogo na iingizwe nyingine, na hiyo nyingine lazima iwe hasi, ili kingamwili zangu zilizomo mwilini mwa mtoto zisipate cha kushika. Damu hasi ni adimu kwetu. Iliyokuwapo katika hospitali haikufaa kundi lake. Yangu isingechukuliwa, nilikuwa nimepoteza nyingi kwenye upasuaji. Ya mume wangu ndiyo hasa yenye alama. Ndugu zangu Kitale waliambiwa wakapimwe, na simu zikaanza kupigwa huku na huku.

"Nipimeni mimi," Mayi akasema.

Mume wangu alimwambia kwa upole kwamba asijisumbue, damu yenyewe ni ya watu wachache. Mayi alikuwa ameshakunja mkono wa gauni.

Majibu yalikuja haraka. Kundi O, hasi. Daktari alishangilia kama mtu aliyefunga bao. Mume wangu alimkumbatia mama yake akamwinua kutoka chini. Mimi nililia, machozi ya kweli, nikamshika mikono nikaibusu. Yeye peke yake hakufurahi. Alisimama tu akitazama kile kioo.

Kisha mtu wa maabara akatoka na kutuomba tumsikilize kidogo. Alikuwa mtu mpole wa makamo. Mume wangu alikuwa ameteremka kuwapigia simu watu wa Kitale awaambie damu imepatikana, kwa hiyo tulikuwa wawili, mimi na Mayi, kwenye benchi. Yule mtu wa maabara akachuchumaa mbele yetu ili asiongee akiwa juu ya mama mzima.

"Mama, damu yako ni nzuri, na tutaitumia. Lakini nimepata kitu ndani yake. Maji ya damu yako yana kingamwili za kushika ile alama D, kama za huyu binti, tena nyingi, kama za mtu aliyekutana nayo zaidi ya mara moja. Kwa hiyo tutatenganisha. Chembe nyekundu tutampa mtoto, maji yake tutayaweka kando." Akasita. "Uliwahi kuongezwa damu hospitali?"

"Sijawahi rara hospitari hata siku moja."

"Na huyu kijana wako, ni mtoto wako wa pekee?"

"Ni yeye tu," Mayi akajibu haraka, kama mtu anayejibu jina lake. Ndivyo alivyowajibu watu wote tangu nimjue. Katika nyumba ile ilifahamika kwamba Mungu alimpa mmoja akafunga. Mtoto aliyeondoka kabla ya kupewa jina hatajwi kwao, na asipotajwa vya kutosha, mwishowe anakuwa hakuwapo.

Mtu wa maabara alinitazama mimi, akatazama sakafu. Akarudi kazini kwake.

Tulikaa. Nje mvua ilikuwa ikija, na korido nzima ilikuwa na mwanga wa kijivu usio na kivuli. Mimi nilijua, na nilijua kwamba yeye anajua tangu ile siku ya panda ya mpera.

"Mwarimu," akasema. "Hiyo kitu inakaanga mwirini miaka ngapi?"

"Inaweza kukaa maisha yote, Mayi. Ziko chembe ambazo kazi yake ni kukumbuka."

"Maisha yote."

"Ndiyo."

"Wariniambia nimerogwa. Wengine wakasema ni mimi mchawi, nakura wangu. Ata mzee ariamini kidogo." Aliongea kwa sauti ya kawaida kabisa. "Kumbe ni damu."

"Ni damu tu, Mayi. Haikuwa wewe."

"Si damu ni yangu?"

Sikuweza kumdanganya. Nilikuwa nimekaa miezi nikiiuliza dari swali lilelile. Nikamwambia kitu pekee nilichokuwa nacho, kwamba mlinzi haangalii ncha, kwamba yeye alikuwa akiwapa wanawe yote aliyokuwa nayo, na mimi pia nilikuwa nikimpa huyu yote niliyokuwa nayo. Akanisikiliza hadi mwisho. Sijui kama ilisaidia. Alichukua mkono wangu akauweka kwenye mapaja yake, akaushika.

Wakamwita, akatoa damu, wakaizungusha katika mashine yao na kutenga chembe zake. Alasiri ile zilianza kuingia kwa mtoto, sindano ndogo baada ya sindano ndogo, nyekundu, nzito, chembe ambazo Y zangu zingezipita bila habari. Tulitazama kupitia kioo, sote watatu sasa, maana mume wangu alikuwa amerudi na maandazi ambayo hakuna aliyeyala. Ilichukua muda mrefu. Mvua ilipiga mabati hadi ikachoka. Kabla giza halijaingia daktari aliinua kichwa na kututolea kidole gumba, na mtoto akalia kule ndani, kilio cha hasira, cha mtu aliyeamshwa. Ataishi, nilijiambia, ataishi huyu.

Mume wangu alikuwa akicheka na kujipangusa macho. "Una nguvu, Mayi," akamwambia mama yake. "Ona vile umeokoa mjukuu. Kama ningekuwa na ndugu wengine, si wangekuwa simba!"

Mayi alimtazama mwanawe. Kisha akalipapasa benchi kando yake.

"Keti hapa, baba," akamwambia. "Ariyekufuata arikuwa msichana. Arikuwa na nywere nyingi."